Swali la Saba la Wasomaji wa Ilvane

Bunia, Mudzi-Pela, 9 Machi 2025

Mwanangu Ketsia,

Kosa wanalofanya watu wengi wakipewa ufunguo ni kudhani kwamba wamepewa nyumba. Nimeanza na neno hilo kabla ya salamu, jambo nililokuwa nikiwakataza wanafunzi wangu, kwa hiyo narudi nyuma na kukusalimu inavyotakiwa. Mko wazima huko Aru? Sisi tuko, Mungu anatulinda. Miguu yangu inauma asubuhi na kusahau mchana. Masikio ndiyo yamezidi kuziba. Ukinipigia simu nasikia upepo tu, ndiyo maana nakuomba uendelee kuandika na kumpa Baudouin barua. Kamioni yake ni ya zamani lakini yeye hapotezi karatasi.

Jirani yetu Mama Alphonsine anakusalimu. Bado anauza sombe, yale majani yake ya mihogo, pale kwenye kona, na kila kamioni ikisimama anainua kichwa kutazama wanaoshuka. Ni miaka saba sasa tangu tulipokimbia vita kule Fataki na binti yake Débora akapotea njiani. Sisi tumezoea kumwona akiinua kichwa. Yeye hajazoea.

Sasa nije kwenye habari yako. Umeniandikia kwamba wamekufanya administrateur wa kundi la Facebook la wasomaji wa Milima Saba ya Ilvane, na kwamba hakuna anayeingia bila wewe kukubali. Nimefurahi. Ulivipenda vitabu hivyo tangu ukiwa na miaka kumi na minne, ukipika ugali kwa mkono mmoja na kushika kitabu kwa mkono mwingine, na ugali tulikula ukiwa na mabonge. Lakini acha nikueleze jambo. Nilishika ufunguo wa kabati la vitabu la shule kwa miaka thelathini na mmoja. Mwaka wa kwanza nililinda vizuri hata hakuna kitabu kilichochakaa, na mkaguzi alinipongeza mbele ya walimu wote. Mwaka wa pili ndipo nilipoelewa kwamba hakuna kilichochakaa kwa sababu hakuna mtoto aliyesoma.

Fikiri juu ya hilo, halafu unieleze kazi hiyo mpya inaendeleaje.

Baba yako mkubwa,
Fulgence


Aru, 2 Aprili 2025

Baba Mukubwa mpendwa,

Barua yako nimeipokea, ina harufu ya samaki wa Baudouin kama kawaida. Tunakusalimu sote. Yves mume wangu yuko mzima, mtoto ameota meno mawili na anayajaribu juu yetu. Mvua ni nyingi. Malori yamepanga foleni mpaka nyuma ya soko, na sisi wa déclaration ya forodha tunashinda ofisini tukiuliza neno lile lile: karatasi iko wapi? Asiye nayo anarudi alikotoka. Ndiyo kazi.

Kuhusu ufunguo nimekusikia, lakini wewe hujaona watu wanaokuja. Kundi letu lina watu mia tatu na kidogo, wa Bunia, Beni, Kisangani, hata Kampala. Vitabu vya Ilvane ni saba, vinene, kwa Kifaransa, na siye tuliovisoma tulivitafuta kwa taabu. Nakala moja ilikuwa inapita mikono kumi. Halafu anakuja mtu aliyesoma muhtasari wa ukurasa mmoja, anaanza kutufundisha ni nani mfalme halali. Basi Serge, aliyeanzisha kundi, aliweka mtihani mlangoni: siku hizi ni maswali kumi, pamoja na picha ya vitabu vyako vya karatasi. Mimi nilipoingia aliniuliza maswali ishirini. Wavulana walikuwa wanaulizwa matano. Nilijibu yote ishirini, na sasa mimi ndiye ninayeuliza. Usiniambie niwape bure kitu nilichokitolea jasho.

Wiki iliyopita nimekamata mmoja wa bandia. Anajiita Annie. Swali letu la saba ni hili: katika kitabu cha pili, Ilvane alimpa nini mlinzi wa daraja ili apite? Kila aliyesoma anajua kwamba alimpa pete ya mama yake. Huyu Annie alijibu hivi, nanakili neno kwa neno:

"Hakumupa kitu. Mulinzi ya daraja ilikuwa mwanamuke muzee, amevaa kiatu moja nyekundu, ingine ilibakia mu shamba ya mihogo. Aliuliza Ilvane: umekula? Wakakula pamoja, wakavuka wote wawili. Chapitre ya kumi na mbili, page 88."

Mihogo, katika nchi ya Ilvane yenye theluji. Na page 88 juu ya hayo. Nilibandika jibu hilo juu kabisa ya kundi ili watu wacheke, na walicheka. Sasa asubuhi tunasalimiana kwa kuandikiana "Umekula?" na kuweka kiatu chekundu. Picha ya vitabu hakuwa nayo. Nikamfungia.

Neno la mwisho. Serge anasema hata admini lazima aonyeshe vitabu vyake kwa picha. Nilipokuja kusoma Aru nilikuachia Fataki kitabu cha kwanza na cha pili. Cha kwanza ulinirudishia. Cha pili, kila nikiuliza unasema kiko mahali salama. Naomba umpe Baudouin aniletee.

Mtoto wako,
Ketsia


Bunia, 20 Aprili 2025, siku ya Pasaka

Mwanangu Ketsia,

Kristo amefufuka. Kanisa lilijaa hata nje, na mvua ikapiga mabati katikati ya mahubiri kwa nguvu kiasi kwamba hata mimi niliisikia. Meno ya mtoto yasikutishe. Anayeuma mapema husema mapema, mama yangu ndivyo alivyosema, na wewe ulikuwa ushahidi.

Barua yako nimeisoma mara nne. Nina maswali matatu, na naomba uyajibu moja baada ya lingine kama mwanafunzi mwema, bila kuniuliza sababu. La kwanza: habari ya kiatu aliiandika yeye mwenyewe, au kuna mtu aliyeiongeza kwa mzaha? La pili: rangi aliitaja yeye? La tatu: huyo Annie anaandika kutoka wapi, na ana umri gani?

Kitabu cha pili kiko mahali salama. Safari hii Baudouin alikuwa na mzigo mwingi.

Usimwambie mtu yeyote kwamba nauliza, hasa mtu wa Bunia.

Baba yako mkubwa,
Fulgence


Aru, 14 Mei 2025

Baba Mukubwa,

Salamu nyingi. Mtoto alipata homa, imepita. Yves amepanda maharage nyuma ya nyumba na mbuzi wa jirani wameyavuna kabla yetu. Nimekawia kujibu, na sitakuficha kwamba nilikawia kidogo kwa makusudi. Kitabu kimoja kilishindwa kupanda kamioni kwa sababu ya mzigo? Kamioni inayobeba mifuko mia ya maharage?

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba swali lisilo na sababu ni amri. Haya, natii.

La kwanza: aliandika mwenyewe, hakuna aliyeongeza. La pili: rangi aliitaja yeye. La tatu: ukurasa wake unasema Niania. Umri haupo. Mahali pa uso ameweka picha ya ua. Naona ni msichana, na bado mdogo, kwa jinsi alivyojitetea. Maana alijitetea kabla sijamfungia. Aliandika: "Mwalimu alitusomea hivyo." Neno hilo tu. Nikalibandika nalo, nikamjibu yeye na mbele ya wote pia: "Basi mwalimu wako alikuwa muongo." Watu wakacheka tena. Yeye hakuandika tena.

Sasa niambie unamtakia nini msomaji wa bandia wa Niania, wakati mimi mtoto wako nasubiri kitabu changu. Serge ananiuliza picha kila juma. Kuna jambo hunielezi. Na mimi kuna jambo sikuelezi, basi tuko sawa.

Ketsia


Bunia, 1 Juni 2025

Mwanangu Ketsia,

Sote tuko wazima. Naandika hilo kwanza ili moyo wako utulie usomapo yanayofuata.

Mwalimu muongo ni mimi.

Utakumbuka kwamba kule Fataki, saa tisa, masomo yakiisha, watoto wa darasa la tatu na la nne walikuwa wanabaki niwasomee. Uliponiachia vitabu vyako viwili nilianza na cha kwanza. Nilisoma sentensi ya Kifaransa, kisha nikaisema kwa Kiswahili, na kwa njia hiyo kitabu kilichukua muhula mzima. Siku ya kuanza cha pili nilikitoa kabatini. Jalada zuri, mgongo mzuri. Nilipokifungua, ndani kulikuwa na udongo. Mchwa walikuwa wamepita ukutani, wakatoboa mbao za kabati, wakala karatasi yote na kuacha ngozi ya nje kama mtu anavyoacha ganda la ndizi.

Watoto thelathini walikuwa wamekaa sakafuni. Mtu mwenye akili angewaambia ukweli. Mimi nilichukua kitabu cha kilimo, nikakiingiza ndani ya jalada la Ilvane, nikafungua ukurasa wa kwanza, uliokuwa unaeleza upandaji wa maharage kwa mistari, na nikasoma kwa sauti: "Asubuhi ile Ilvane aliamka kabla ya jogoo." Nilitaka iwe siku moja tu. Ikawa miezi mitano. Nilikuwa nataja chapitre na page ili waamini. Page 88 ilihusu mbolea ya ng'ombe.

Siku niliyofika kwenye daraja, Débora wa Mama Alphonsine aliingia amechelewa, analia, mguu mmoja uchi. Alikuwa na miaka tisa. Alikata njia katikati ya mihogo, kiatu kikanasa kwenye tope, akaogopa kurudi kukitafuta. Kilikuwa chekundu, zawadi ya Noeli. Wenzake wakaanza kumcheka. Nami nilikuwa nimesimama darajani na sijui nani alilinde. Nikamweka pale mwanamke mzee mwenye kiatu kimoja chekundu, nikamfanya awe na nguvu kuliko mfalme yeyote wa kitabu kile, na nikamfanya aulize swali ambalo mlinzi yeyote wa mlango angepaswa kuuliza kwanza. Watoto wakaacha kucheka. Débora akasogea kukaa mbele.

Wiki tatu baadaye tulikimbia. Alphonsine alimpandisha Débora kwenye kamioni iliyojaa watu, akageuka kuinua mzigo, kamioni ikaondoka.

Unaona sasa kwa nini nilisoma barua yako mara nne. Na unaweza kuuliza kwa nini basi sikukueleza siku ya Pasaka. Nina sababu mbili. Moja ni nzuri: mara mbili watu walimletea Alphonsine habari kwamba mtoto ameonekana, mara mbili alisafiri, mara mbili alirudi peke yake, na ile ya pili alikaa miezi bila kusema na mtu. Sitaki kumpa ya tatu. Sababu nyingine si nzuri. Kukueleza ilikuwa ni kukiri kwamba kitabu chako kilikwisha tangu 2017, na kwamba tangu hapo nimekuandikia uongo mmoja kwa mwandiko mzuri. Nimelipima jambo hilo wiki sita, na nimeona aibu yangu ni nyepesi kuliko nilivyodhani. Nisamehe. Ningeweza kumwomba mtu akupigie simu, lakini huku simu ya mmoja inasikiwa na kila nyumba ya parcelle, na Alphonsine yuko ng'ambo ya ua.

Sasa sikiliza. Kiatu wanaweza kukikumbuka watoto wote thelathini, hivyo kiatu hakitoshi. Lakini shamba lile lilikuwa la nani, sikusema katika hadithi, kwa sababu mwenyewe alikuwa mzee mkali, na Débora aliniomba nisimseme. Tulijua wawili. Shamba lilikuwa la mzee Hubert. Mfungulie huyo Annie, umuulize tu: kiatu kingine kilibaki kwa nani? Usimtaje mama yake mpaka ajibu. Mimi nami naweka swali mlangoni, naliona hilo. Tofauti ni kwamba naomba kwa moyo wote alijue jibu.

Fulgence


Aru, 5 Julai 2025

Baba Mukubwa,

Tuko wazima, mtoto anasimama akishika kiti. Barua yako ya tarehe moja Juni ilifika tarehe 26. Barabara ilifungwa, Baudouin akakaa Mahagi wiki tatu na barua ndani ya shati. Nilianza kuisoma nikiwa nimesimama pembeni ya kamioni, na nilipofika kwenye neno la mwalimu muongo nilikaa juu ya gunia la mtu.

Nilimfungulia saa ile ile. Niliandika "Samahani", nikafuta. Niliandika "Habari?", nikafuta. Mwishowe niliandika swali lako peke yake. Siku nne hakuna kitu. Nilienda kazini nikawa nauliza watu karatasi na sisikii wanachojibu. Siku ya tano simu ikalia mezani:

"Kwa Hubert. Weye ni nani?"

Nikampigia. Yves ndiye aliyebonyeza. Nakuandikia tulivyosema, kadiri ninavyokumbuka.

Nilimwambia, "Mimi niko Ketsia, mutoto ya Mwalimu Fulgence, ya ndugu yake."

Akasema, "Weye ndiye ulisema Mwalimu iko muongo."

"Ni miye."

"Na iko muongo?"

"Iko muongo kabisa. Kitabu ililiwa na muchwa. Yote alitunga yeye."

Alicheka, Baba Mukubwa. Kicheko kirefu, cha mtu mzima. Kisha akauliza kama uko hai, nikasema uko hai na miguu inauma. Akauliza kama bado unavaa koti lile la kahawia. Akauliza habari za shule. Aliuliza kila kitu isipokuwa kimoja, nikaelewa kwamba anakizunguka kama mtu anavyozunguka shimo. Akarudi tena kwenye miguu yako. Nami nikasema pole pole, "Mama yako iko muzima. Iko Bunia. Anauzisha sombe."

Nikasikia simu inawekwa juu ya mbao. Halafu sauti ya mwanamke mwingine, kali: "Umemwambia nini mutoto yangu?"

Huyo ni Mama Élise, mfanyabiashara wa mafuta ya mawese. Alimkuta Débora kule Komanda, ameshuka kwenye ile kamioni na hajui aende wapi. Watu waliokuwa naye walisema mama amekufa, nao walisema walichoamini. Mwaka wote wa kwanza mtoto alikataa kutaja jina lake, ndipo Mama Élise akamwita Annie, maana lazima mtu aitwe kitu. Amemsomesha. Nilipomweleza yote akauliza, "Sasa mutanitosha huyu, mumupeleke kwenu?" Nikamwambia kwamba Mama Alphonsine ni mtu mwema. Akasema yeye pia.

Nilimuuliza Débora aliingiaje kwenye kundi letu. Anasema alitafuta jina la Ilvane kwenye simu ya Mama Élise kwa sababu hadithi ilikatika. Siku ya kukimbia, Ilvane alikuwa chini ya mlima wa tatu. Alitaka kujua kama walifika juu. Hilo tu ndilo lililomleta mlangoni kwangu, nami nikamcheka mbele ya watu mia tatu.

Lile bandiko nimelifuta. Niliandika mahali pake kwamba nilikosea, na kwamba mwalimu yule namjua. Serge amekasirika. Anasema kanuni ni kanuni, huyu hajasoma ila kitabu cha kwanza, na hicho kwa masikio. Tumebishana siku tatu. Siku ya tatu nilimwambia jambo ambalo sikukueleza hata wewe: mimi kitabu cha saba sijakisoma. Hakijafika Aru. Nilijifunza mwisho wake kwenye muhtasari, ule ule ninaowafukuzia wengine. Nilidhani Serge atanifukuza. Akaandika: "Hata mimi, cha sita." Nilicheka mpaka mtoto akaamka. Sijui kama umewahi kubeba kitu kizito miaka miwili ukakuta mwenzako amebeba kile kile. Maswali kumi tumeyaondoa.

Lakini kuna hili. Nimefungua orodha ya wale niliowakataa tangu mwezi wa tatu. Ni arobaini na mmoja. Nikiitazama naona haya, naifunga. Sijui niwafanyie nini.

Mwambie Mama Alphonsine. Mwambie leo.

Mtoto wako,
Ketsia


Bunia, 3 Agosti 2025

Mwanangu Ketsia,

Wazima wote, na parcelle imejaa kelele ambazo hata mimi nazisikia.

Nilimwambia Alphonsine siku ile ile barua yako ilipofika. Alikuwa anakatakata sombe. Nilianza kueleza tangu habari ya mchwa, maana mimi siwezi kueleza jambo isipokuwa tangu mwanzo wake. Akaweka kisu chini, akasema, "Mwalimu, sema mwisho." Nikasema mwisho. Hakulia. Alinitazama kama anavyotazama makamioni, akauliza kwa sauti ya chini, "Ulijuaje kama ni yeye?" Nikamweleza kiatu, na shamba la Hubert. Ndipo alipofunika uso. "Siku ile nilimupiga juu ya ile kiatu," akasema. "Miaka yote niliwaza, kama anaikumbuka, anaikumbuka kwa fimbo yangu." Nikamwambia kwamba kwa jinsi binti alivyoiandika, fimbo haimo.

Walifika tarehe 24, baada ya siku nne za njia kutoka Niania, Débora na Mama Élise wake. Débora anampita mama yake kwa kichwa. Alphonsine hakutazama uso kwanza, alitazama miguu, iliyokuwa ndani ya viatu viwili vyeusi vyenye vumbi. Kisha mambo yakawa ya wao wawili, na sisi tukageukia upande mwingine. Lakini hili nililiona: alipomwachia binti, Alphonsine alimwendea Mama Élise, akapokea mfuko aliokuwa ameubeba, na hakuuweka chini. Alisimama nao begani wakati wote wa salamu, wa maombi na wa maji ya kunawa, mpaka Mama Élise mwenyewe akaona haya na kumwambia, "Mama, weka basi, haina kitu, ni nguo yangu." Walilala chumba kimoja, wote watatu. Wamekubaliana bila mimi: mwaka wa shule wa kumalizia diploma ataumalizia Niania, likizo zote ni za Bunia, na atajibu jina lolote kati ya mawili mradi aitwe kwa adabu.

Mimi Débora alinihukumu siku ya pili. "Mwalimu, ulitudanganya." Nikasema ndiyo. Nilimweleza yaliyo katika kitabu cha kweli, daraja na pete ya mama. Akafikiri, akasema pete haitaki. Kisha akadai mlima wa tatu. Nikamwambia sijui walipandaje, kwa sababu siku ile nilikuwa sijatunga. Akasema, "Sasa tunga." Tumeanza jana saa tisa, yeye na watoto sita wa jirani, na Alphonsine amehamisha meza yake ya sombe karibu na dirisha.

Ketsia, sijalala vizuri hivi tangu 2018. Sikujua ni kiasi gani nilikuwa nimekaza mabega mpaka yalipolegea.

Jalada la kitabu chako nimempa Baudouin. Ndani hamna kitu, lakini ni lako.

Sasa orodha yako. Usiwaonee haya wote kwa pamoja, haya ya namna hiyo haimfikii mtu. Sisemi kwamba wote arobaini na mmoja ni watoto waliopotea. Wengine ni wajuaji tu, na watawachosha. Wengine wamesoma muhtasari, kama admini fulani wa Aru. Lakini kila mmoja alifika kwenye kitabu kile kwa njia fulani, kwa mkono au mdomo wa mtu, na ninyi mliwauliza kilichomo ndani bila kuwauliza njia. Huwezi kuwarudia wote kwa siku moja, una mtoto na una malori.

Kabla hujafungua ofisi, chagua jina moja katika orodha hiyo, umwandikie leo, na umuulize ni nani aliyempa hadithi hiyo kwa mara ya kwanza.